Hivi kwa nini karibu kila boti ya mfereji Uingereza ina mbwa? Mlioko huko tupeni majibu

#1 Mpita Kando
Wakuu, habari za jioni.

Nipo Leicester, nalea wazee majumbani. Nikitoka kwa mzee wa asubuhi kwenda kwa bibi wa mchana nakatisha kando ya mfereji, na zile boti ndefu nyembamba zimefungwa pale mfululizo. Bomba la moshi linafuka, juu ya paa magunia ya makaa, kuni, baiskeli, maua kwenye ndoo. Sasa kinachonizunguka kichwani ni hiki: karibu kila boti ina mbwa. Mmoja kalala juu ya paa, mwingine anachungulia dirishani, mwingine kasimama nyuma pamoja na anayeendesha kana kwamba ndiye mwenye chombo.

Boti yenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Humo humo jiko, humo humo kitanda, humo humo choo, halafu unaongeza mbwa! Mimi nasema ni ulinzi, maana kufuli zao hata mtoto anavunja. Rafiki yangu anabisha, anasema ni upweke tu. Nani yuko sahihi? Na je, ni kweli hawa watu hawalipi kodi ya pango?

#2 Chapati Moto
Mzungu na mbwa si swali la kuanzishia uzi. Swali ni hiyo kodi. Nimevuta kiti.

#3 Binti Nahodha
Nimecheka hapo kwenye kufuli. Mimi mtu wa Tanga, naishi ndani ya hizo boti na mume wangu na mbwa anaitwa Mandazi, basi niseme ninayoyajua.

Upana: nyingi ni futi 6 na inchi 10, yaani mita mbili na kidogo, kwa sababu loki zilijengwa na upana wa futi 7 hivi. Kwa msiojua, loki ni chumba cha mawe au matofali chenye malango mbele na nyuma. Unaingia, unafunga, unafungulia maji yaingie au yatoke, boti inapanda au inashuka, unatoka upande wa pili. Kazi yote ni ya mikono: unazungusha hendeli ya chuma kufungua vilango vya maji, kisha unalisukuma lango kwa mgongo. Urefu unachagua mwenyewe, mwisho futi 70 na ushee. Yetu ni 57, maana ukizidi hapo zipo loki za kaskazini hutaingia.

Kodi: nyumba hatulipi, lakini kila mwaka kuna kibali cha boti kutoka shirika linalosimamia mifereji mingi huku, Canal & River Trust, kuna bima, kuna cheti cha usalama kila baada ya miaka 4, kuna dizeli, gesi na makaa, na kila baada ya miaka michache boti inatolewa majini ikapakwe lami tumboni. Halafu asiye na gati lake la kudumu lazima asonge. Sheria ya 1995 inasema usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, labda uwe na sababu ya maana.

Mbwa sasa. Mandazi halindi kitu. Akija mwizi atamwonyesha soseji zilipo. Tunaye kwa sababu ukiishi kwa kuhamahama majirani hawadumu, na mwenye mbwa hakosi mtu wa kuzungumza naye. Kuna vijiji watu wanamjua Mandazi kwa jina, mimi wananiita "yule wa Mandazi".

#4 Mtoto wa Likoni
Binti Nahodha, mpwani mwenzangu, swali la heshima kabisa. Mbwa katoka mferejini, kaingia ndani, kajikung'uta. Kwenye mita mbili hakuna pa kukimbilia. Sasa sisi tunaoosha alipogusa mbwa na majimaji yake mara saba na moja iwe ya udongo, hilo tangi la maji lina lita ngapi?

#5 Binti Nahodha
Mia tano hivi. Kwa hesabu yako lisingefika Ijumaa. Mandazi ana taulo zake na kona yake huku nyuma mlangoni, mswala wangu uko mbele. Tunaheshimiana.

#6 Ustadh wa Slough
Mtoto wa Likoni usimtishe dada wa watu. Hayo ya najisi tumeyashika kwa sababu pwani yetu ni ya Imam Shafi. Kwa Imam Malik mbwa aliye hai ni tahiri, na kuosha chombo alicholamba ni amri ya ibada tu, si kwa sababu ya najisi. Elimu ni pana.

#7 Mtoto wa Likoni
Ustadh, kama unahama madhehebu kwa ajili ya boti sema tu, tutakusindikiza.

#8 Mzee Kumbukumbu
Vijana, historia kidogo kabla hamjapotea.

Mifereji hii haikuchimbwa kwa ajili ya utalii. Ule wa Bridgewater ulifunguliwa 1761 kutoa makaa ya mawe kwenye migodi ya Worsley kwenda Manchester, na bei ya makaa pale mjini ikashuka karibu nusu. Mhandisi alikuwa James Brindley. Na hapo nimsahihishe Binti Nahodha: si kila loki ina futi 7. Mifereji mipana ipo mingi, hata Grand Union kutoka London kwenda Birmingham loki zake nyingi zinaingiza boti mbili ubavu kwa ubavu. Wembamba ulikuja na mfereji wa Trent and Mersey, uliomalizika 1777. Njiani kulikuwa na kilima cha Harecastle, ikabidi litobolewe handaki la zaidi ya kilomita mbili na nusu. Handaki pana lingewafilisi. Wakatoboa jembamba, na loki zikafuata kipimo hicho.

Farasi ndiye aliyekuwa akivuta boti kwa kamba, ndiyo maana kuna njia ya miguu kando ya maji. Harecastle ya mwanzo haikuwa na njia hiyo ndani. Farasi walipitishwa juu ya kilima, wanaume wakalala chali botini wakisukuma kuta kwa miguu mpaka watokee upande wa pili.

Reli ilipokuja kunyang'anya mizigo, mshahara ukapungua, mwenye boti akaachana na nyumba ya nchi kavu akaingiza mke na watoto kwenye kachumba ka nyuma kenye futi 10 hivi. Serikali ikaitaifisha sehemu kubwa ya mifereji 1948. Baridi ya 1962 kuingia 1963 maji yakaganda kwa miezi, biashara ya mizigo ikavunjika mgongo.

Kuhusu mbwa: wazee wa huku ninaozungumza nao wanasema mbwa alikuwa mfanyakazi. Anakamata panya kwenye shehena ya nafaka, na usiku anakwenda mashambani kuleta sungura bila mwenye shamba kujua. Kwa hiyo mnachokiona leo ni mazoea yaliyobaki baada ya kazi kuondoka.

#9 Fundi Pimamaji
Mzee Kumbukumbu shikamoo. Historia tamu ila hapo kwenye wembamba nina neno. Handaki ni sababu mojawapo, maji ni kubwa zaidi. Boti moja ikipita kwenye loki nyembamba inashusha zaidi ya lita laki moja kutoka juu kwenda chini. Loki ikiwa pana mara mbili, maji mara mbili. Na mfereji unaovuka mlima, maji ya kileleni hayajileti, lazima kuwe na mabwawa. Brindley alikuwa fundi wa vinu vya maji kabla ya yote, asingeacha kulihesabu hilo.

Tatizo halijaisha mpaka leo. Kiangazi cha 2025 mvua zilikatika, mfereji wa Leeds and Liverpool ukafungwa kwa kilomita nyingi. Watu walikwama na boti zao, mbwa zao na ratiba zao.

#10 Mzee Kumbukumbu
Marahaba. Lakini mwenye fedha ndiye aliyeamua, si maji. Nimesimama pale pale.

#11 Nyota ya Reading
Mnisamehe lakini nyote mnazunguka mbuyu. Mimi ni nesi, natoka Nakuru, niko Reading, na nina mwenzangu wodini anayeishi kwenye boti huku kwa mfereji wa Kennet and Avon. Alianza na mbwa, boti ikafuata! Alimchukua mbwa wa mbio aliyestaafu, wale wembamba wa miguu mirefu, halafu mkataba wa nyumba ukaisha. Kila nyumba aliyoenda kuona, swali la kwanza: una mnyama? Ukisema ndio, simu hairudi. Akachoka, akachukua akiba yake na mkopo wa chama cha akiba, akanunua boti kuukuu. Kwa hivyo Mpita Kando, si kwamba watu wa boti wanapenda mbwa. Watu wenye mbwa ndio wanaosukumwa mpaka majini.

#12 Chapati Moto
Yaani mbwa ndiye kampangia mtu makazi. Hii nchi.

#13 Fundi Pimamaji
Nyota, hoja nzuri ila iangalie tena baada ya muda. Sheria ya wapangaji ya 2025 inampa mpangaji wa England haki ya kuomba kufuga, na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu ya maana, kuanzia Mei 2026. Kama ni kweli mbwa wanasukuma watu majini, tuone kama watapungua.

#14 Nyota ya Reading
Sababu ya maana hawakosi, Fundi. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba.

#15 Mpita Kando
Asanteni, uzi umenoga kuliko nilivyotarajia. Sasa mnitoe tongotongo: nikikusanya akiba, mtu kama mimi wa viza ya kazi naweza kununua boti nikaachana na chumba? Chumba changu kinanimaliza, na humo ndani hata paka haruhusiwi.

#16 Mkaguzi wa Hesabu
Mpita Kando, kabla hujauza ng'ombe wa baba sikiliza.

Boti kuukuu inayokalika ni nadra chini ya pauni 30,000, na mpya ya futi 57 inapita 100,000 bila jasho. Mkopo wa nyumba wa kawaida benki hawakupi, kwa sababu boti si ardhi, utakopa kwa riba ya juu. Kibali cha mwaka kwa boti ya urefu huo kimeshapita pauni 1,000, na tangu Aprili 2024 wanaohamahama bila gati wanaongezewa juu yake. Kodi ya halmashauri kwa kawaida wanaohamahama hawalipi, hapo unaokoa. Kabla ya kununua mlipe mkaguzi, boti itolewe majini, agongegonge na kupima unene wa chuma cha chini. Kuna Mkenya namfahamu alinunua kwa picha, rangi inang'aa, maua mazuri ubavuni. Chuma chini kilikuwa kimeliwa, gharama ya kubandika bati jipya ikakaribia aliyonunulia.

Viza: mwajiri anayekudhamini anatakiwa awe na anwani yako ya makazi. "Niko kwenye maji kati ya Foxton na Market Harborough" si anwani. Na kazi yako ya kuzunguka kwa wazee, ukisonga kila wiki mbili utafika saa ngapi?

#17 Binti Nahodha
Mkaguzi kasema kweli, ila asimkatishe tamaa kabisa. Daktari wa mtaa hawezi kukukataa kwa sababu huna karatasi ya anwani. Kura pia ipo: wasio na makazi ya kudumu wanajiandikisha kwa kutaja eneo wanaloshinda zaidi, na sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tukiwa na kibali cha kukaa tunapiga.

Kinachochekesha ni mbwa. Kisheria mbwa akiwa barabarani mkanda wake wa shingoni lazima uwe na jina na anwani ya mwenyewe. Tangu 2016 lazima pia awe na chipu, na chipu nayo ina anwani. Sasa mimi nina jina la boti tu. Mandazi kaandikishwa kwa mama mkwe Derby, nyumba ambayo akifika haruhusiwi kupita jikoni.

#18 Kijana wa Goma
Jambo bandugu. Miye niko Stoke, natumika kwenye karakana moja ya boti. Mumesahau injini. Boti inakunywa dizeli lita moja na nusu hivi kwa saa, kidogo sana, maana haikimbii. Mwendo wa sheria ni maili 4 kwa saa, na ukipita boti zilizofungwa unapunguza zaidi, usizikatie kamba.

Matatizo yanayoletwa kwetu ni yale yale: kitu kimejizungusha kwenye propela. Nyuma, chini ya sakafu, kuna kifuniko. Unazima injini, unatoa ufunguo unautia mfukoni MWAKO, si mezani, unafungua kifuniko, unaingiza mkono mpaka begani na kisu. Januari hiyo, maji yanakata mfupa. Nimetoa mifuko ya plastiki, sari nzima kabisa, waya wa godoro, kamba ya mtu aliyenifokea nimrudishie. Ukimaliza rudisha kifuniko ukikaze. Asiyekaza akiwasha injini maji yanaingia ndani, boti inazama pale pale gatini watu wanatazama.

Kuhusu mbwa nina yangu. Wateja wengi wananiambia mbwa ndiye aliyejua kwanza injini imebadilika sauti, anainuka, anamtazama bwana wake. Basi ni msaidizi wa fundi.

#19 Chapati Moto
Kijana wa Goma, kwa hiyo mbwa tumpeleke VETA akasomee ufundi.

#20 Tezi na Omo
Assalamu alaikum. Mimi nimezeeka Lamu, nimeendesha mashua na majahazi, wajukuu ndio wamenisomea uzi huu. Nina maswali ya chombo, ya mbwa nimewaachia.

Hicho chombo kinaongozwa kwa kana, ule mti wa usukani, au gurudumu? Upondo wa kusukumia chombo mnao? Tumbo mnapaka lami, sisi tulipaka shahamu na chokaa tukipandisha chombo mchangani, mnapandishaje? Na ngamani, kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yakiingia nani anayafua? Kwetu chomboni palikuwa na paka, kwa panya. Mbwa sikumwona hata kwa Wahindi.

#21 Binti Nahodha
Waalaikum salaam babu, shikamoo. Umenirudisha kwa babu yangu mwenyewe.

Ni kana, babu, ile ile: ukiisukuma kulia omo, yaani mbele, inakwenda kushoto. Upondo upo, umelala juu ya paa pamoja na ubao wa kushukia, na hatuuachi, maana mifereji ina kina kifupi, ukipanda kwenye tope huna injini itakayokutoa, ni kusukuma tu. Tumboni ni lami juu ya chuma, tunainuliwa kwa winchi au tunaingia bwawa linalokaushwa. Ngamani kuna pampu ya umeme inayojiwasha yenyewe.

Na hapa niwaeleze lililompata Mandazi, maana kuna aliyeuliza faragha kama mbwa hazami. Tulikuwa Foxton, si mbali na Leicester, Mpita Kando ukipata Jumapili nenda. Ni loki 10 zimepangana kilimani, tano tano, moja inafungukia nyingine, tangu 1814. Tunasubiri zamu chini. Mandazi kila siku anaruka kutoka shetri, huku nyuma, kwenda ukingoni, sentimita chache tu. Siku hiyo upepo ukaisogeza boti wakati miguu yake ya mbele iko hewani. Akaingia kati ya chuma na ukuta. Kelele hakupiga. Niliona kichwa na macho, na tani kumi na kitu za boti zinarudi taratibu kumfuata. Mume wangu akakaa chini akaweka miguu yote miwili ukutani akaizuia boti, mimi nikalala kifudifudi nikashika mpini wa jaketi lake la kuelea, ule ulioshonwa mgongoni, nikamvuta kama begi. Akajikung'uta juu yangu, akaenda kunusa mbwa wa boti ya nyuma.

Jaketi la mbwa lenye mpini si urembo.

#22 Mtoto wa Likoni
Akajikung'uta juu yako. Sasa Ustadh, Imam Malik anasemaje?

#23 Ustadh wa Slough
Anasema mshukuru Mungu mbwa yu hai.

#24 Fundi Pimamaji
Hapo Foxton vilango vya maji vimepakwa rangi, na wanakukaririsha: nyekundu kabla ya nyeupe. Ukigeuza, unaweza kumwaga maji kusikotakiwa. Ila hatari kubwa ya loki si mbwa kudondoka, ni kizingiti. Ukishuka, chini ya maji nyuma yako kuna kizingiti cha lango la juu kimejificha. Maji yakipungua na shetri yako imekaa juu yake, nyuma inabaki hewani, mbele inaendelea kushuka, boti inainama kichwa chini na kujaa maji. Ukutani kuna mstari mweupe, kaa mbele ya mstari. Binti Nahodha unalijua, nasema kwa wengine.

#25 Nyota ya Reading
Naongeza ya afya. Kiangazi joto likizidi, kwenye maji yaliyotulia hutokea utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Hiyo sumu inaweza kuua mbwa haraka, asinywe wala asiogelee. Na mkojo wa panya mferejini unabeba leptospirosis, inashika mbwa na watu. Mbwa kuna chanjo, rafiki yangu hukumbushwa kila mwaka. Mtu akiwa na kidonda mkononi avae glavu, Kijana wa Goma unanisikia? Homa na maumivu ya misuli baada ya kuchezea hayo maji, mwambie daktari kwamba ulikuwa mferejini, asidhani ni mafua.

#26 Kijana wa Goma
Nakusikia dada. Glavu ninazo, kisu hakishikiki nazo.

#27 Kifaranga
Samahani, nimesoma uzi wote na hakuna aliyegusa CHOO. Mleta uzi alitaja choo tangu mwanzo!

#28 Binti Nahodha
Kifaranga, watu wa boti wakikutana hawazungumzi kingine. Kuna wenye tangi kubwa chini ya kitanda, wananyonywa kwa bomba kituoni kwa malipo. Kuna sisi wa kasha: linachomolewa chini ya choo, lina mpini na magurudumu, unalikokota hadi kituo cha kumwagia, una ufunguo maalumu. Kuna wanaotenganisha haja ndogo na kubwa, kubwa inachanganywa na pumba za mbao. Hao wa tatu watakuhubiria mpaka chai ipoe.

Baridi ikigandisha mfereji na kituo kiko kilomita tatu, unaliweka kasha kwenye toroli, unafunga mbwa kamba, mnatembea. Watu wanaokutana nanyi wanadhani mnakwenda matembezi.

#29 Chapati Moto
Na nilikuwa nakula.

#30 Mkaguzi wa Hesabu
Nirudi kwenye mada. Tuna ulinzi, upweke, panya, wenye nyumba, injini. Nani amehesabu? Mpita Kando unapita mchana, unawaona walioko nje. Mbwa yuko nje, paka yuko ndani karibu na jiko la makaa, sungura yuko kwenye sanduku. Huenda nusu ya boti hazina mbwa ila hukuziangalia kwa sababu hakuna aliyekubwekea.

#31 Mpita Kando
Jana nilihesabu kwa makusudi. Boti 22, mbwa 13, na sikuingia ndani ya yoyote.

#32 Mkaguzi wa Hesabu
Boti ngapi zilikuwa na mtu? Zile za wikendi zimefungwa tu. Ukiziondoa, hesabu inabadilika. Halafu mbwa wawili wanaweza kuwa wa boti moja.

#33 Mzee Kumbukumbu
Mkaguzi anataka sensa sasa.

#34 Dada wa Hackney
Nimechelewa. Nasafisha ofisi London na naishi na shoga yangu botini, tunasonga kati ya Limehouse na Little Venice, na baadaye tunatoka nje kidogo. Huku hakuna nafasi, boti inafungwa ubavuni mwa boti, kwenda kwako unapita juu ya ya mwenzio, na mbwa wake anakujua kwa hatua.

Nina jibu ambalo hamjalitaja, na babu wa Lamu kaligusa bila kujua. Kwa nini si paka? Jahazi lilikaa baharini, paka atakwenda wapi. Sisi tunafunga ukingoni, paka anashuka usiku, anarudi saa anazotaka yeye. Siku ya kumi na nne imefika, kibali kinakutaka usonge, paka hayupo. Unaita. Unatikisa bakuli. Aliyefungwa nyuma yako anataka nafasi. Mbwa unampigia mluzi, kapanda, umeondoka. Hiyo sheria ya siku 14 imechagua mnyama yenyewe.

#35 Nyota ya Reading
Dada wa Hackney, hii nimeipenda kuliko yangu, lakini siikubali. Rafiki wa mwenzangu ana paka wawili na anasonga kama kawaida, amewazoesha kula saa moja jioni, mlango unafungwa.

#36 Dada wa Hackney
Anasonga mchana au usiku huo huo paka wakiwa ndani? Sisi wetu aligoma. Safari moja tulimsubiri mpaka adhuhuri, tukaondoka kidogo kidogo shoga yangu akitembea kando anaita. Wiki iliyofuata tukamkuta kwenye boti ya jirani wa zamani, kanenepa, ana jina jipya. Jirani anaelekea Hertford.

#37 Tezi na Omo
Wajukuu wanasema kama paka kapewa jina jipya basi ameshaolewa huko. Mwacheni.

#38 Mpita Kando
Dada wa Hackney, huyo jirani wa Hertford naye ana mbwa?

#39 Dada wa Hackney
Wawili. Paka analala juu yao.

#40 Mkaguzi wa Hesabu
Hiyo boti tunaihesabu upande gani?